Polepole hadi Audlem

Jumapili, 14 Septemba. Penkridge.

Daftari hili nimelinunua kanisani, kwenye meza ya vitu vya kusaidia ukarabati wa paa, pamoja na keki ya ndizi nzito kiasi kwamba ningeweza kuifungia boti isiondoke. Mimi, Melvyn Cotterill, nimeendesha lori miaka thelathini na mmoja, na sasa mwaka wa kumi na tisa naishi na mke wangu kwenye boti, kwenye mifereji ya Uingereza. Nimelala Trieste, nimelala Belgrade, nimekwama kwenye theluji ya Brenner, ile njia ya milimani ya kuingia Italia, siku tatu na dereva Mturuki na gunia moja la vitunguu. Katika safari zote hizo sikuandika kitu zaidi ya sahihi yangu. Shule niliiacha nina miaka kumi na mitano, au yenyewe iliniacha mimi, hatukuagana vizuri. Lakini msimu huu nimeona niandike, maana nahisi upande wangu utahitaji shahidi.

Jambo lenyewe ni hili. Glenys, mke wangu, amepata barua. Amepewa nyumba Nantwich, zile nyumba ndogo za wazee, vyumba viwili, hakuna ngazi, dirisha la jikoni linatazama mfereji. Boti tutaweza kuifunga pale nyuma. Funguo zichukuliwe kabla ya tarehe 6 Novemba, la sivyo nyumba inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Ni mara ya tatu anapewa. Mara mbili za kwanza aliikataa kwa ajili yangu.

Na kati yetu na Nantwich kuna vizimba kumi na vitano vya Audlem, masanduku ya maji ya kupandishia na kushushia boti, vimepangana mlimani kama ngazi. Vinafungwa kwa matengenezo tarehe 2 Novemba, saa tisa alasiri, hadi Machi. Boti itakayokuwa juu itabaki juu. Na boti haiachwi peke yake wakati wa baridi, mabomba yanapasuka.

"Tukichelewa je?" nimemuuliza.

"Tukichelewa nitabaki na wewe, Mel. Si nilishabaki mara mbili?"

Alisema hivyo huku anakunja taulo, bila hasira. Afadhali angenichapa nalo.

Kutoka hapa hadi Nantwich ni maili hamsini kasoro. Kwa lori, saa moja. Kwa boti siku tano, ukijikokota kumi. Tuna wiki saba. Hakuna binadamu anayeweza kuchelewa hapo, labda mimi.

Jumanne, 16 Septemba.

Vizimba sita kupanda hadi Gailey. Kazi yetu tumeigawana kama wanavyogawana watu kwenye boti zote za nchi hii: mwanamume anashika usukani na kupokea sifa, mwanamke anatangulia kwa miguu na hendeli mkononi. Boti inaingia kwenye kizimba, lile sanduku la mawe lenye milango huku na huku. Yeye anafunga milango, anazungusha hendeli kufungua vizibo, maji yanatupandisha au kutushusha, kisha anaegemeza mgongo kwenye boriti ya mlango na kuusukuma mlango wenye uzito wa ng'ombe wawili. Mimi huku chini natoa ucheshi. Leo nimemsimulia ile ya afisa forodha wa Trieste na jibini. Miaka kumi na tisa anaisikia na bado anacheka. Nilimwona kabisa, kule juu, meno nje.

Boti yenyewe nimeiita Trieste. Glenys anasema ingeitwa Mgongo Wangu.

Ijumaa, 19 Septemba.

Mvua. Hatukuondoka.

Jumamosi, 20 Septemba.

Mvua. Kwa kweli ilikatika saa nne, lakini sikuiamini.

Jumatatu, 29 Septemba. Brewood.

Sheria ya mfereji inaturuhusu kukaa mahali pamoja siku kumi na nne. Mimi ni mtu wa kuheshimu sheria. Glenys aliniuliza leo tunangoja nini. Nikamwambia soseji za muuza nyama wa hapa ni bora kuliko za Bologna, itakuwa dhambi kuzikimbia.

"Umeshakula kumi na nane," akasema.

"Nafanya utafiti."

Hakucheka. Alikuwa amekaa na chupa ya maji ya moto begani. Bega la kulia. Alisema ni hali ya hewa.

Alhamisi, 2 Oktoba. Wheaton Aston.

Kizimba kimoja tu jana, na mbele yetu maili kumi na saba za maji matulivu bila hata kimoja. Nilitaka tuendelee, kwa kweli nilitaka. Lakini jioni niliingia kwenye chumba cha injini na spana, nikalegeza mkanda. Kidogo tu. Asubuhi ukalia kama nguruwe anayepelekwa sokoni.

"Mkanda huo," nikasema, "si wa kuaminika. Lazima tuagize mwingine."

Glenys ametoka Wales, ni mtoto wa mchimba makaa, anaijua mashine iliyochoka na mashine iliyochokozwa. Alisikiliza ule mlio, akaniangalia, akaenda kukaanga mayai.

Ninaandika haya ili ijulikane kwamba najijua.

Jumapili, 5 Oktoba.

Mkanda umefika. Nimesema fundi wa duka ametuletea saizi isiyo sawa. Mungu anisamehe, na fundi pia.

Jumatano, 8 Oktoba. Gnosall.

Leo lazima niandike kwa kirefu, maana siku kama hii hazipatikani hata Venice, na Venice nimefika, nilishusha mzigo wa vigae.

Tuliondoka saa tatu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, ukifika kiunoni, kwa hiyo ng'ombe wa ng'ambo walionekana vichwa na migongo tu. Mwendo wetu ni maili tatu kwa saa, na leo sikufikisha hata hizo. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa mwenye miguu mifupi alitupita, akatupungia mkono kwa huruma. Yule mbwa alitupita pia.

Glenys alikaa mbele kabisa, miguu juu ya rundo la kamba, blanketi mapajani, kikombe cha chai mkononi. Hakuna kizimba, hakuna mlango, hakuna hendeli. Madaraja ya mawe yalikuja moja baada ya jingine, na chini ya kila daraja moshi wa jiko letu ulirudi kutusalimia. Saa saba tulifunga boti kwenye ukingo, tukala pai ya nyama ya nguruwe na kachumbari ya vitunguu, tukawapa bata maganda. Tukasinzia. Tukaondoka tena saa tisa, kwa sababu tu mvuvi mmoja alitaka kutupa ndoano pale tulipokaa.

Handaki dogo la Cowley tulipita taa ikiwaka, matone yakiniingia shingoni. Upande wa pili jua lilikuwa limejilaza juu ya mashamba yaliyolimwa, na nikasikia Glenys anaimba. Kiwelshi. Miaka mitatu sijamsikia.

Tulipofunga boti nilimwambia: "Unaona? Nani anataka kuta nne na zulia?"

"Siku kama ya leo, Mel, ningeweza kukaa miaka mia."

Hayo ndiyo maneno yake, nayaandika neno kwa neno. Basi nikajua amebadili mawazo.

Jumatano, 15 Oktoba. Gnosall.

Bado tuko hapa. Sheria inaruhusu.

Jumapili, 19 Oktoba. Gnosall.

Majani yameanza kuanguka kwenye mfereji, yanajiviringisha kwenye pangaboi. Natumbukiza mkono kwenye maji baridi kuyatoa, kisha nasema hatuwezi kusafiri katika hali hii. Baridi imeingia kwenye mifupa. Sijui nimechoka kwa kazi gani, maana sijafanya yoyote.

Jumanne, 21 Oktoba. Gnosall.

Tumepata jirani, Trevor Yapp, postamasta mstaafu. Ana boti fupi nyekundu, anaishi peke yake, na kila kizimba anakifanya mwenyewe: anapanda, anashuka, anavuta kamba, kama tumbili. Mtu mwenye mdomo lakini roho safi. Alinikuta nagonga bomba ambalo halina kosa lolote.

"Mel, wewe bwana unavuta miguu."

"Navutaje? Natengeneza."

"Bibie anataka kushuka Audlem kabla hawajafunga. Mfereji mzima unajua. Mpaka yule wa boti ya makaa anajua. Wanakucheka."

"Yeye mwenyewe amesema hapa angekaa miaka mia!"

Yapp akavuta pua. "Alisema hivyo mkiwa wapi?"

"Hapo nyuma, kwenye maji matulivu."

"Ahaa," akasema, akaenda kupika samaki wake.

Nilitaka kumwambia sababu, nikashindwa. Baba yangu alipewa nyumba ya namna hiyo. Ya chini, safi, zulia la kijani. Alikaa dirishani akitazama maegesho ya magari miaka minne, akaniambia kila gari ni la nani, na siku moja alipoacha kuniambia nilijua amekwisha. Mimi nimepita nchi kumi na nne. Sitaki kujua gari ni la nani.

Glenys amesema kesho tunaondoka, mkanda ulie usilie.

Alhamisi, 23 Oktoba. Tyrley.

Ya leo nayaandika yote.

Asubuhi tulipita kwenye mkato wa Woodseaves. Mfereji pale umechimbwa ndani ya mwamba, kuta zimepanda pande zote mbili, zinatoa maji kama zinalia, na miti imefunga juu, kwa hiyo saa sita mchana ilikuwa kama saa kumi na mbili. Yapp alikuwa ametutangulia.

Tulipotoka mwisho wa mkato tukavikuta vizimba vitano vya Tyrley, vya kushuka. Glenys alichukua hendeli, akavaa koti la mvua, akatembea. Nilimwona anabadilisha mkono: kwa kawaida huzungusha kwa wa kulia, leo kwa wa kushoto. Nililiona hilo. Sikusema.

Kwenye kizimba cha tatu tulimkuta Yapp, amefunga boti yake chini na kurudi juu kwa miguu kututazama. Akasimama ukingoni juu yangu.

"Hiyo Brenner," akasema, "ulikwama kweli au ulikuwa unavuta miguu huko pia?"

Basi akawa amenikanyaga mkia. Nikaanza. Theluji, Mturuki, vitunguu. Mikono yangu miwili ilikuwa hewani kuonyesha theluji ilifika wapi.

Sasa kila mwendesha boti anajua jambo moja. Ukishuka kwenye kizimba, nyuma yako, chini ya maji, kuna kizingiti cha zege. Boti yote ikae mbele yake. Maji yakishuka na nyuma ya boti ikakaa juu ya kizingiti, mbele inaendelea kushuka, nyuma inaning'inia, na boti inajaa maji kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Watoto wanajua. Kuna mstari mweupe umechorwa ukutani ili hata mjinga ajue. Na mimi, nahodha, mwenye mikono hewani, niliiacha boti irudi nyuma ya mstari mweupe.

Nilisikia mlio wa chuma. Sakafu ikainama chini ya miguu yangu. Vikombe vyote vya Glenys vilianguka jikoni kwa pamoja. Nikaona pua ya Trieste inashuka na maji meusi yanapanda kuelekea mlango wa mbele, na mimi nimeshika usukani ambao umenasa, nikapiga kelele, sijui nilisema nini.

Glenys hakupiga kelele. Alikuwa kwenye kizibo cha chini. Njia sahihi ni kukishusha taratibu kwa hendeli, lakini hakukuwa na taratibu. Alitoa kizuizi na kukiachia chote kianguke, na hendeli ikazunguka kama feni ikampiga mkono wa kulia, ule uliokuwa kwenye kizuizi. Niliusikia ule mpigo kutoka kule nilikokuwa. Akaiacha hapo hapo, akavuka juu ya mlango, ule ubao mwembamba wenye utelezi, mkono mmoja umebanwa kifuani, akakimbia hadi mlango wa juu. Mwanamke wa miaka sitini na tisa. Yapp alimkimbilia na hendeli yake, wakazungusha pamoja, maji yakaingia kutoka juu. Trieste ilijinyanyua. Ikalia tena, ikakaa sawa.

Maji tu yanatiririka.

Nilipanda ngazi za chuma za ukutani. Glenys alikuwa amekaa kwenye boriti, uso mweupe kama unga, kifundo cha mkono kimeshavimba.

"Glen. Glen, nisamehe. Nilikuwa..."

"Ulikuwa unasimulia."

"Ndiyo."

"Nimechoka, Mel." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekutajia saa. "Sikuchoka na mfereji. Mfereji naupenda. Nimechoka na milango."

Nikaikumbuka siku ile ya Gnosall, akiwa amekaa mbele na chai, anaimba. Maili kumi na saba bila kizimba hata kimoja. Ndiyo maana ya miaka mia. Mtu mzima kama mimi, nimevuka mipaka kumi na nne, na sikuweza kuelewa sentensi moja ya mke wangu.

Yapp alitushusha vizimba vilivyobaki. Hakufanya mzaha hata mmoja, ndipo nilipojua ni vibaya kweli.

Ijumaa, 24 Oktoba. Market Drayton.

Hospitali kwa teksi. Mfupa umepasuka, plasta wiki sita. Nesi alimuuliza kilichotokea, Glenys akasema, "Nilikuwa na haraka." Hakunitaja.

Jumamosi, 25 Oktoba.

Leo amenipa bahasha. Ameiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama watu waliolewa. Ni barua ya kuikataa nyumba.

"Itume," akasema. "Kwa mkono mmoja sitaweza vizimba ishirini, na siku zimebaki nane. Bora wampe mwingine mapema, asiendelee kungoja."

"Glen..."

"Tutakuwa salama. Tutanunua makaa zaidi." Akanirekebisha kola ya koti, kwa vidole vinavyochungulia kwenye plasta. "Nenda kabla hawajafunga."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya lile sanduku jekundu la posta muda mrefu mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimesahau anwani. Nimeshinda. Hivi ndivyo nilivyotaka tangu Septemba, na sikuhitaji hata spana. Yapp anasema nina udhuru bora kuliko wote katika historia ya mifereji.

Bahasha imo mfukoni mwangu. Imelowa kidogo.

Jumapili, 26 Oktoba.

Saa zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo. Serikali imenipa saa moja ya bure, nikaitumia kutazama dari.

Wakati wa chakula cha mchana nilimweleza yote. Mkanda, fundi wa duka, bomba, mvua iliyokatika saa nne. Nilidhani atanirushia sahani. Alikuwa anakata kiazi kwa upande wa uma.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu soseji."

"Na hukusema kitu?"

"Nilikuwa nangoja nione utafika wapi." Akala kiazi. "Ulifika mbali."

Nikamwambia barua sijaituma. Nikamwambia tunashuka. Mimi nitafanya milango, yeye atashika usukani, usukani unataka mkono mmoja tu. Akanitazama tumboni, kisha magotini, kama anayenunua punda.

"Vizimba ishirini, Mel?"

"Mimi nilivuka Brenner."

"Ukiwa umekaa," akasema.

Jumanne, 28 Oktoba. Adderley.

Vizimba vitano. Cha kwanza nilikifanya kwa madaha. Cha pili nilivua koti. Cha tatu nilivua sweta. Hendeli ina uzito wa kilo moja asubuhi na kilo tisa mchana, sijui inakula nini. Ukisukuma boriti, mlango hausogei kabisa, unasukuma hewa tu, unajiona mwendawazimu, kisha unasogea taratibu kana kwamba umeamua wenyewe.

Glenys anaendesha vizuri. Niandike ukweli: anaendesha vizuri kuliko mimi. Aliingia kwenye kila kizimba bila kugusa ukuta. Miaka kumi na tisa nimegusa ukuta.

Jumatano, 29 Oktoba.

Siwezi kuinua kikombe. Yapp amekuja kutazama, akaleta supu. "Umechoka, mzee?" Nikamwambia niache.

Alhamisi, 30 Oktoba.

Mgongo.

Ijumaa, 31 Oktoba. Juu ya Audlem.

Tumefika kizimba cha kwanza. Kuna tangazo kwenye mlango, herufi nyekundu, na mnyororo umeshawekwa tayari chini yake. Mvua. Wale wazee wa kujitolea wanaosaidia watu kwenye milango wamemaliza msimu wao, hakuna mtu. Yapp alitangulia jana, amekwenda kwa dada yake Chester. Aliniachia glavu zake.

Jumamosi, 1 Novemba.

Sita. Nilikusudia kumi. Mvua haikukatika hata dakika moja, na kwenye cha sita niliteleza nikakaa matopeni, nikabaki nimekaa, kwa sababu pale palikuwa pazuri kama mahali pengine. Glenys alipiga honi. Nikanyanyuka. Mikono imetoka malengelenge chini ya glavu za Yapp. Vimebaki tisa, na kesho ndiyo kesho.

Niliona kitu kimoja leo, na kinanisumbua kuliko mgongo. Ukiwa mtu wa milango, hupandi boti. Boti ikitoka, wewe unabaki nyuma kufunga, kisha unatembea, na ukifika kizimba kinachofuata boti imeshafika, inangoja. Siku nzima uko peke yako. Na pale kizimbani, boti ikiwa chini na wewe juu, injini inaunguruma ndani ya kuta zile za mawe kiasi kwamba aliyeshika usukani unaona mdomo unatembea tu. Glenys alikuwa ananiambia kitu. Sikusikia hata silabi.

Jioni nilimuuliza. "Miaka yote hii, nikikusimulia kutoka kule chini. Afisa forodha. Jibini. Ulikuwa unanisikia?"

"Na injini ile?" akasema. "Hata neno moja."

"Lakini ulikuwa unacheka!"

"Uso wako ulikuwa unangoja, Mel. Ningefanyaje?"

Nilikwenda kuongeza makaa jikoni, ambayo hayakuhitaji kuongezwa.

Jumapili, 2 Novemba. Chini ya Audlem.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tisa. Sitaeleza vyote. Cha saba, cha nane na cha tisa nilivifanya kwa hasira, cha kumi kwa sala, cha kumi na moja sikumbuki nilikifanyaje. Cha kumi na mbili nilimkuta mtu wa matengenezo amekaa kwenye gari lake na chupa ya chai, anatazama saa yake, kijana mpole tu. "Usikimbie, baba," akaniambia. Nikamwambia hivi ndivyo ninavyotembea.

Cha kumi na tano nilifika saa nane na dakika thelathini na tano. Nikasukuma boriti kwa makalio, kwa sababu mikono ilikuwa imestaafu. Trieste ilitoka polepole, moshi unapanda, Glenys amesimama nyuma na kofia yangu kichwani, plasta kifuani. Akageuka, akasema kitu. Midomo ilitembea. Sikusikia. Uso wake ulikuwa unangoja.

Basi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, meno nje, ili aone. Akasema tena, kwa mkono safari hii, na mimi nikacheka zaidi, nikampungia.

Alisimamisha boti mbali kidogo kule chini, akaifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Nilipofika nikiburuta miguu alikuwa amezima injini.

"Ulikuwa unasema nini, mpenzi?"

"Nilikuambia umeacha kizibo wazi."

Nilirudi kupanda. Mvua ilikuwa imekatika, kwa kweli safari hii. Yule kijana wa mnyororo alikuwa ameshauzungusha mkononi, akanionyesha kidole gumba. Nikakishusha kizibo mpaka chini kabisa, taratibu, kwa hendeli, kama inavyotakiwa. Kisha nikatoa bahasha mfukoni, karatasi ilikuwa imeshakuwa uji. Nikaja nayo, nikaitumia kuwashia jiko. Haikuwaka vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba. Nantwich.

Funguo tulichukua juzi. Mbili, kwenye kipande cha kamba. Zulia ni la kahawia, si la kijani, nililikagua kwanza. Dirisha la jikoni halitazami magari.

Tumekubaliana nilale kwenye boti nikitaka, nami nimesema nitataka, mtu hawezi kuzoea kitanda kisichotikisika kwa siku mbili. Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya Trieste, naichaji betri kwa injini, mgongo umepinda kama ndoano. Glenys akafungua dirisha la jikoni, ng'ambo ya nyasi. Mkono mzima ulikuwa na kisu cha siagi. Akaniita, akasema kitu kirefu, akanyamaza, akangoja.

Meno yangu yalikuwa tayari kutoka nje.

Nikazima injini.

"Sema tena," nikamwambia.